Mvumbasi wa Mayu Holo

Ninyi mnaoajiriwa kwenye bustani za shule na za ofisi hapa Bariadi mna tabia moja inayonikera. Mkinikuta sokoni au nje ya kanisa mnaniita Mama Bustani, mnanishika mkono, mnasema mkono huu una baraka, kila unachogusa kinaota. Zamani ningefurahi. Siku hizi nikisikia hivyo natamani kuondoka bila kuaga. Nimeamua kuandika kwa sababu nikiongea naishia kufoka, na mtu anayefokewa hasikii kitu.

Nilifanya kazi miaka ishirini na tisa kwenye shule moja ya bweni ya wasichana hapa mjini. Jina langu ni Minza, mzaliwa wa Kasoli, mtoto wa mkulima wa pamba. Katika miaka hiyo, karibu yote, nilikuwa na mmea mmoja ambao sasa sijui mahali popote unapoota. Nilipewa na mtu ili niutunze. Umekwisha, na nitawaeleza ulivyokwisha, pamoja na namna ya kuupanda, ijapokuwa hamna tena wa kupanda. Huenda mkakutana na ndugu yake porini.

Mvumbasi mnaujua. Upo kando ya kila njia, unafika kiunoni, na mama zenu huweka majani yake kwenye magunia ya mahindi ili yasibunguliwe. Huo siuzungumzii. Ninaouzungumzia ulikuwa wa porini, unaota chini ya miti mikubwa penye nusu kivuli, na ukiutunza unapita kimo cha mlango. Jani lake lilikuwa pana kama kiganja cha mtoto, na ukilisugua linanukia kama karafuu iliyopondwa. Niliupanda nyuma ya mabweni, chini ya madirisha, na wasichana walilala mbu wakiwa wachache. Mwenye mafua alikatiwa matawi mawili, akajifukiza, kesho yake yuko darasani. Matroni alikuwa akisema mmea ule umemfanyia kazi kuliko kabati la dawa.

Niliupata kwa Mayu Holo, mayu kwetu ni mama. Huyu alikuwa jirani yetu Kasoli, mjane, na mume wake alimwachia ngitili, yaani kipande cha pori kinachofungwa wakati wa mvua, asichungwe ng'ombe wala kukatwa mti, ili kiangazi mifugo ipate pa kula. Watu waliheshimu ngitili yake kwa sababu ya adhabu ya wazee, na zaidi kwa sababu ya ulimi wake. Alikuwa mwembamba, mrefu, na hakuwa na haya ya kumwambia mwanamume mzima kwamba hajui kushika jembe.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, mkuu wa shule wa wakati huo alilalamika kuhusu mbu, nami nikakumbuka pori la Mayu Holo. Nikaenda kumwomba. Alinipa mbegu kwenye kitambaa, nyeusi, ndogo kuliko ulezi. Nikamuuliza zinapandwaje, akasema ziangalie zenyewe zinavyojipanda. Nikaona bibi ananifanyia ujeuri. Mimi si mtoto wa mkulima?

Basi nikapanda kama tunavyopanda pamba. Nikachimba vishimo kwa mstari, mbegu nne nne kila shimo, nikafukia na kukanyagia kwa kisigino. Mvua zikanyesha, zikaisha, hakuna kilichoota isipokuwa magugu. Mwaka uliofuata nikarudi kuomba nyingine, nikapanda vilevile, nikiwa na hakika kwamba kosa ni la mbegu. Mara ya tatu Mayu Holo aliniuliza nilifanyaje. Nilipofika kwenye kisigino alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanichukua mpaka ndani ya ngitili, akanionyesha miche midogo imeota juu ya ardhi yenyewe, kwenye uchafu wa majani, hakuna aliyeifukia.

Sikilizeni, hii andikeni. Mbegu ya namna hiyo inataka mwanga. Changanya na mchanga mkavu ili isianguke fungu moja, mwagia juu ya udongo ulioloa, kandamiza kwa kiganja tu. Ikiloa inavaa ute, na ute huo ndio unaoishikilia, usiichokoe. Tandaza nyasi chache juu, nyasi ambazo bado unaona udongo katikati yake. Ikifika urefu wa kidole, hamishia mahali penye kivuli cha mchana na jua la asubuhi. Na yale majani makavu ya miti yaliyoanguka hapo yaacheni. Nyie mna ugonjwa wa kufagia. Mtu anafagia chini ya mti mpaka ardhi inang'aa, halafu anashangaa mimea ina njaa.

Ugonjwa huo najua unakotoka. Kwetu shamba zuri ni shamba jeupe. Pamba ikishavunwa, kila shina ling'olewe, likusanywe, lichomwe moto, wadudu wasivuke msimu. Baba yangu alisifiwa kijiji kizima kwa hilo. Bwana shamba akipita analeta wengine waone shamba la baba lilivyo safi, hakuna hata kijiti. Nimekulia humo. Kiangazi kikifika mikono yangu yenyewe inatafuta kitu cha kung'oa.

Na mvumbasi huu wa porini, kiangazi, unajifanya umekufa. Hiyo ndiyo desturi yake. Majani yote yanadondoka, matawi yanakuwa ya kijivu, ukivunja tawi linalia kama kuni. Mwaka wa kwanza nilipouona hivyo nililia, kisha nikaanza kuumwagilia asubuhi na jioni kwa huruma. Mitatu ikaoza palepale shinani. Kwa huruma tu. Mayu Holo akaniambia niuache ulale, na akanifundisha kuupima. Unainama mpaka chini, pale shina linapoingia ardhini, unakwaruza kwa ukucha. Ukiona kijani chini ya ganda, upo hai, nenda zako. Mvua ya kwanza ikinyesha unachipua kutoka hapo hapo chini, na baada ya miezi miwili umekupita kimo. Ukishamaliza kutoa maua unaupogoa usawa wa goti, basi, kazi imekwisha.

Nilikuwa na mivumbasi kumi na sita nyuma ya mabweni. Wageni wakija waliletwa kuiona. Wakuu wa shule walibadilika, na mmoja kati yao alitaka bustani kama ya hoteli. Akaleta waridi kutoka mji mkubwa, akaleta ukoka wa kutandaza, akaleta vitofali vya kufunika ardhi. Waridi zilikunywa maji kuliko wanafunzi. Kiangazi wasichana wanapanga foleni ya ndoo bombani, mimi nimeshika mpira namwagilia ua ambalo halina hata harufu. Niliyasema hayo kwenye kikao, nikaambiwa bustani ni sura ya taasisi. Lakini nyuma ya mabweni hakufika mtu, na mivumbasi yangu haikuomba hata kikombe.

Sasa nifike pabaya.

Mmea ukisifiwa, watu wanaomba. Aliomba matroni, waliomba walimu, akaomba mke wa mlinzi, akaomba katekista wetu. Na mimi nilikuwa nimeona jambo. Nilikuwa mwanamke wa darasa la saba katikati ya watu wenye vyeti, na kitu pekee pale shuleni nilichokijua peke yangu ni hicho. Waridi kila mtu angeweza kununua. Mvumbasi ule ulikuwa kwangu tu. Wakati wa kupunguza wafanyakazi, walipunguzwa wengi, mimi nikabaki, na nilijiambia nimebaki kwa sababu ya hiyo mimea.

Kwa hiyo nilifanya hivi. Sikumnyima mtu. Mmea huu unashika vizuri ukikata pingili ya chini, sehemu ngumu iliyoanza kuwa mti, yenye mafundo matatu au manne, ukaichomeka udongoni mvua zikianza. Vichwa vya juu, laini, vyenye maua, havishiki. Vinakaa siku kumi vimesimama, vinampa mtu matumaini, kisha vinanyauka. Mimi niliwapa vichwa. Niliwakatia kwa tabasamu, nikavifunga kwenye gazeti lililoloa, nikawaeleza wamwagilie sana. Wakirudi kuniambia vimekufa, nilisikitika nao. Matroni nilimpa mara tatu. Kila mara alisema mkono wake una mkosi, nami sikumsahihisha.

Mnanichukia? Subirini.

Mayu Holo alipozeeka macho yakaingia ukungu, mwishowe hakuona kabisa. Wanawe wakagawana ngitili. Walikata miti, wakachoma mkaa, wakalima, msimu uliofuata pori lote lile lilikuwa pamba. Nilipita nikaona. Sikuwalaumu kwa sauti, ni mali yao, lakini nilishindwa kuwasalimia. Binti yake aliyeolewa Ipililo, kule Maswa, ndiye aliyemchukua akae naye. Nilikwenda kumwona. Alikuwa na kifua, anakohoa, na hakuomba kitu kingine ila shina moja la mvumbasi wake, upandwe karibu na mlango, awe anaunusa na kujifukiza. Nilimwambia mvua zikianza nitaleta.

Mvua zilianza, sikupeleka. Zikaanza tena mwaka uliofuata, sikupeleka. Nilikuwa na sababu kila mara, safari, kazi, mafua. Ukweli ni kwamba binti yake ni mtu wa kugawa. Ningempa shina moja, baada ya misimu miwili Ipililo nzima ingekuwa nao, na kutoka hapo ungefika Bariadi, na mimi ningekuwa mwanamke mwenye mpira wa maji tu. Na yule bibi siwezi kumpa kichwa chenye maua, angekishika tu angejua. Basi nikawa naahirisha. Misimu mitatu niliahirisha, ilhali yeye anakohoa.

Nilistaafu mwaka jana katikati ya mwaka. Walinipa kitenge na saa ya ukutani. Aliyechukua nafasi yangu ni Malimi, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mchapakazi, anatoka familia ya pamba kama mimi. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka minne. Kila kiangazi nilimsimamia kama baba alivyonisimamia, ng'oa, kusanya, choma, sitaki kuona kijiti. Mboga zikiisha ang'oe, maua ya msimu yakiisha ang'oe. Nyuma ya mabweni nilikuwa naenda mwenyewe. Nilimpa kazi nyingine upande wa mbele ili asinione nafanya nini kule.

Siku ya makabidhiano nilimpa funguo, mikasi, mipira, majembe. Kuhusu mivumbasi nilisema neno moja tu, kwamba mimea ya nyuma ya mabweni asiiguse, nitakuja mwenyewe. Wakati huo ilikuwa bado na majani. Sikumwambia italala. Sikumwambia habari ya ukucha. Nilitaka mvua zikikaribia waniite, waseme Mama Minza, mimea yako imekufa, njoo utusaidie, nami nije niwaonyeshe muujiza.

Mwezi wa tisa kulikuwa na mahafali. Mkuu wa shule akaagiza eneo lote lisafishwe. Mimi nilikuwa nyumbani nangoja kuitwa. Nilipokwenda kwenye mahafali, kama mgeni, nimevaa kitenge kile kile, nilipita nyuma ya mabweni nikakuta ardhi nyeupe, imefagiwa, na duara jeusi la majivu. Malimi alikuwa ameyang'oa mashina yote kumi na sita, na mizizi yake, kwa kutikisa na kuvuta kama tunavyovuta pamba. Kazi safi kabisa.

Nilimpigia kelele mbele ya wazazi wa watoto. Nilimuuliza kama nilimwambia asiguse au sikumwambia. Alisimama tu, ameshika ufagio.

"Mama, ulisema nisiguse mimea," alisema. "Sikuona mimea pale. Niliona vijiti. Wewe mwenyewe ulisema hutaki kuona kijiti."

Nilikwenda kwa mkuu wa shule kumshitaki. Malimi akatolewa bustanini, akapelekwa jikoni kupasua kuni. Bado yupo huko. Kwa miezi mingi kila aliyeniuliza nilimwambia Malimi ameua mmea wa watu, na watu walinionea huruma.

Mbegu nilikuwa nazo kwenye chupa, za zamani sana. Nilizimwaga zote mvua zilipoanza, kwa utaratibu wote niliowaeleza, nikakaa juu yake kama kuku. Hakuna hata moja iliyoota. Ndipo nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka uso unawaka. Nilianza kupita nyumba za watu niliowagawia. Nilimwomba Mungu, na sioni aibu kusema, niliomba kwamba katika wale wote kuwe na mmoja ambaye kwa bahati kichwa kilishika. Nilikwenda kwa matroni, nikaenda kwa walimu waliohama, nikaenda kwa mke wa mlinzi. Katekista alinipeleka mpaka nyuma ya nyumba kunionyesha mahali alipokuwa amekipanda, alikizungushia mawe. Wote waliniomba radhi. Wote walisema wao hawana mkono kama wangu. Matroni alinishika bega, akasema laiti angemwagilia zaidi.

Walifanya kila nilichowaambia.

Mwaka huu, mvua zilipokuwa zimekolea, nilichukua basi kwenda Ipililo. Sikuweza kwenda mikono mitupu, kwa hiyo nikachimba mvumbasi wa barabarani, ulionawiri, nikauweka kwenye kopo. Nilijiambia bibi hana macho, ana kifua, harufu zote kwake ni moja. Njiani nilijifunza maneno. Na kama akigundua, nilikuwa na jina la Malimi tayari mdomoni.

Nilimkuta amekaa kizingitini, kigoda chini ya jua, amekonda sana. Nilipiga goti.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Ni Minza huyo," alisema. "Umeleta?"

Nikamwekea kopo mapajani. Alipapasa shina kwanza kutoka chini kwenda juu, taratibu, akahesabu mafundo kwa kidole gumba. Kisha akachuma jani moja, akalisugua, akalipeleka puani. Haikuchukua muda. Alilishusha, akawa analikunja kunja tu mkononi. Binti yake alikuwa anapepeta mpunga pembeni, naye akaacha.

"Wangu umekwisha?"

"Umekwisha, mayu."

"Aliuchoma nani?"

Hakuuliza kama ulikufa kwa ugonjwa au kwa ukame. Ni mtu wa Kasoli, anajua vitu vinavyokufa kwetu vinakufaje. Na mimi jina la Malimi lilikuwa hapa, kwenye ulimi, nilikuwa nimelibeba kutoka Bariadi. Sijui kwa nini halikutoka. Nadhani ni kwa sababu alikuwa bado ameelekeza uso upande wangu kama anayeniona.

"Ni mimi," nikasema.

Alikohoa. Alipomaliza aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, watu niliowagawia wako wapi, kwa sababu yeye alinipa ili nigawe. Nikamweleza. Sikupanga kumweleza, lakini nilimweleza yote, vichwa, maua, gazeti lililoloa. Nilizungumza nikiangalia ule mvumbasi wa kwenye kopo. Nilimaliza nikangoja anitukane, ulimi wake niliujua tangu utoto, na kwa kweli nilikuwa nautaka.

Hakunijibu mimi. Alimwita binti yake, akampa kopo, akamwambia aupande pale mlangoni hata kama ni wa barabarani, mbu watakimbia kidogo.

"Na mtu akija kuomba," alimwambia, "mkatie huku chini, kwenye ugumu. Usimpe kichwa, mwanangu. Kichwa hakishiki."

Alimshika mkono binti yake, akauweka shinani, akamwonyesha fundo lenyewe, mimi nimepiga goti hapo hapo.